Kutoka kituo cha yatima na kujitegemea Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walezi na wakuu wa vituo vya yatima vya Lubumbashi, na wa vijana wenyewe wanaokaribia kutoka. Pesa imepewa nafasi ndogo kuliko wengi wanavyotarajia. Kijana mwenye dola 200 mfukoni, asiye na karatasi wala mtu mzima wa kumpigia simu, hukwama mapema kuliko mwenye dola 50 aliye na vyote viwili.

Je, kijana lazima atoke siku anayotimiza miaka 18?

Hapana. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya 10 Januari 2009, inasema mtoto ni yeyote asiyefikisha miaka 18, lakini haimwamuru mkuu wa kituo kumfungia mlango asubuhi ya siku hiyo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka kijana aandaliwe kabla ya kutoka na afuatwe baada ya kutoka. Inataka pia awe na mtu maalumu aliyepewa jukumu la kumsindikiza.

Angalia kalenda ya mji kabla ya kupanga tarehe. Kati ya Desemba na Machi mvua ni nyingi, mahindi ya msimu mpya bado yako shambani, bei ya unga inapanda, na mwaka wa shule uko katikati. Anayetolewa wakati huo anaanza na mzigo mara mbili. Wakati mzuri ni baada ya masomo kufungwa, Julai au Agosti, mtahiniwa akiwa amekwisha kufanya Examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Ikiwa siku yake ya kuzaliwa ni Januari, mwacheni amalize mwaka.

Maandalizi yaanze lini?

Akiwa na miaka 15, na yafanyike kwa mikono. Somo la "stadi za maisha" linalotolewa Jumamosi ubaoni halimsaidii mtoto ambaye hajawahi kushika pesa ya soko.

Fikiria jikoni kwa kituo. Mtoto aliyekulia hapo ameona bukari (ugali) ikisongwa kwenye sufuria kubwa ya watu sitini. Hajui mtu mmoja anahitaji unga kiasi gani. Mfundishe kupima: nusu kilo ya unga kwa takribani lita moja ya maji ni mlo wa watu wawili wenye njaa, na mtu mzima anayekula bukari kila siku humaliza kilo 12 hadi 15 kwa mwezi. Mwache apike sombe (majani ya muhogo) ya mtu mmoja, aone mafuta yanavyokwisha haraka. Kisha mpe pesa ya chakula cha siku tatu aende mwenyewe soko la Kenya, hapa mjini, arudi na hesabu. Mara ya kwanza pesa itaisha siku ya pili, na ni heri iishe akiwa bado kituoni.

Kuanzia miaka 17, vijana wawili au watatu wakae kwenye chumba cha pembeni ndani ya uwanja wa kituo kwa miezi mitatu hadi sita, wapewe kiasi cha wiki, wapike na kufua wenyewe. Mlezi asiingilie kila kosa. Aingilie palipo na hatari tu.

Kijana hana cheti cha kuzaliwa. Tufanye nini?

Hili ndilo jambo linalokwamisha wengi, na ndilo linaloanzwa kwa kuchelewa. Kuzaliwa kwa mtoto kunatakiwa kutangazwa kwa ofisa wa hali ya raia ndani ya siku 90. Muda huo ukipita, komini (ofisi ya serikali ya sehemu ya mji) haiwezi tena kuandika cheti bila hukumu ya mahakama, ile inayoitwa jugement supplétif. Asiyetimiza miaka 18 anapitia Tribunal pour enfants (mahakama ya watoto), aliyetimiza anapitia Tribunal de paix (mahakama ya amani). Kwa hiyo anzeni akiwa bado mtoto: faili inabebwa na kituo pamoja na mfanyakazi wa jamii wa Division des Affaires sociales (idara ya ustawi wa jamii), wala si yeye peke yake.

Njia yenyewe ni hii. Mnaandika ombi lenye jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi kama yanajulikana, na sababu ya kuchelewa. Mnaambatanisha chochote kinachothibitisha: kadi ya chanjo, karatasi ya uzazi, cheti cha ubatizo, buletini za shule (ripoti za matokeo), barua ya kumpokea kituoni. Mahakama inasikiliza mashahidi na kutoa hukumu. Baada ya hapo mnasubiri muda wa rufaa upite, mnachukua hati ya kwamba hakuna aliyekata rufaa (certificat de non-appel), halafu mnapeleka vyote komini ili ofisa aandike cheti chenyewe kwenye daftari.

Vituo vingi hukosea hatua ya mwisho. Wanapata hukumu, wanafurahi, wanaiweka kabatini. Hukumu peke yake bado si cheti. Mpaka iandikwe kwenye daftari la komini, kazi haijaisha.

Kosa la pili ni tahajia. Kabwe kwenye ubatizo, Kabue kwenye buletini, Kabwe Ilunga kwenye diploma: kwa karani hao ni watu watatu. Kabla ya kupeleka ombi, panga karatasi zote mezani, chagueni tahajia moja, na mwombe mkuu wa shule asahihishe ya kwake kabla jina halijaingia kwenye orodha ya mtihani wa serikali. Diploma ikishatoka, kubadili herufi moja ni safari ndefu.

Na mtoto aliyeokotwa, asiyejulikana wazazi wake?

Sheria ya uraia, namba 04/024 ya 12 Novemba 2004, inamhesabu mtoto mchanga aliyeokotwa Kongo, ambaye wazazi wake hawajulikani, kuwa Mkongomani. Karani akisema "huyu hana nchi," mkumbusheni sheria hiyo kwa upole na kwa maandishi. Hifadhini ripoti ya siku alipookotwa: mahali, tarehe, aliyemleta, nguo alizokuwa nazo. Karatasi hiyo chakavu ndiyo shahidi wake mkuu.

Kitambulisho atapata wapi?

Kwa raia wengi kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika kama kitambulisho. Lakini CENI, tume ya uchaguzi, huandikisha kwa vipindi tu. Uandikishaji uliotangulia uchaguzi wa Desemba 2023 ulianza Desemba 2022. Aliyekosa kipindi anabaki bila kadi, na bila kitambulisho ni shida kusajili namba ya simu au kufungua akaunti ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwa jina lake.

Hapo vijana hutumia namba iliyosajiliwa kwa jina la rafiki au la mlezi. Ni hatari: siku mkigombana, mwenye jina ndiye mwenye pesa. Wakati anasubiri, achukue komini hati ya makazi yenye picha na abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama atasomea udereva, leseni itamfaa pia. Uandikishaji ukitangazwa, kituo kiwafuate hata waliokwisha kutoka.

Ni karatasi gani aondoke nazo?

Cheti cha kuzaliwa na nakala tatu zilizothibitishwa, hukumu ya mahakama, buletini zote, diploma au cheti cha ufundi, kadi ya chanjo, karatasi za hospitali, barua ya kituo inayosema aliishi hapo tangu lini hadi lini, na picha za pasipoti. Viwe ndani ya bahasha ya plastiki isiyopitisha maji. Kituo kibaki na nakala za yote, na picha zake kwenye simu ya mkuu wa kituo. Nyumba za mabati huvuja, moto hutokea, wezi hubeba mfuko mzima bila kuangalia kilichomo.

Anayetumia dawa za kila siku, za VVU, kifafa au selimundu, aondoke na barua ya uhamisho kwenda kituo cha afya kilicho karibu na chumba chake kipya, pamoja na dawa za kutosha hadi siku ya kwanza ya kuonana na mganga huko. Mpelekeni ninyi wenyewe mara ya kwanza. Wengi huacha dawa kwa aibu ya kujieleza upya kwa muuguzi wasiyemjua.

Chumba kitafutwe wapi na vipi?

Katika komini za Katuba, Kenya, Kampemba, Ruashi na Annexe kuna vyumba vya kupanga ndani ya parseli (viwanja) za familia. Chumba cha bei nafuu pembezoni kabisa mwa Annexe huonekana kizuri hadi uhesabu nauli. Pigeni hesabu ya kodi na nauli kwa pamoja: chumba cha dola 20 chenye nauli ya dola 25 kwa mwezi ni ghali kuliko cha dola 35 anachotoka kwa miguu.

Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema garanti (amana ya mpangaji) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengine huomba zaidi. Mkuu wa kituo akienda pamoja na kijana, mazungumzo huwa mepesi. Komisyonere (dalali wa nyumba) naye mara nyingi hudai sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mlipeni baada ya kijana kupokea ufunguo, kamwe si kabla. Kwa mfano, chumba cha dola 30 kinahitaji dola 90 za garanti, 30 za mwezi wa kwanza na 30 za komisyonere. Hizo ni dola 150 kabla hajanunua kijiko.

Mkataba uandikwe, hata ukurasa mmoja: majina, kodi, garanti, tarehe ya kulipa, hali ya chumba. Upelekwe kwenye ofisi ya makazi ya komini. Kila malipo yawe na risiti iliyosainiwa. Garanti isiyo na karatasi hairudi.

Kabla ya kukubali, nendeni mara mbili, mchana na usiku. Wakati wa kiangazi chumba hakionyeshi kuvuja, kwa hiyo tazama juu: madoa ya kahawia kwenye dari na mistari ya maji ukutani ndiyo yanayosema ukweli wa Januari. Ulizeni umeme wa SNEL, shirika la umeme, unagawanywaje kati ya wapangaji na nani analipa bili. Ulizeni maji: bomba la REGIDESO, shirika la maji, au kisima? Kisima kilicho karibu na choo ni njia ya kipindupindu. Maji yake yachemshwe au yatiwe klorini. Mwisho, muulizeni mpangaji jirani, mwenye nyumba akiwa hayupo, kwa nini aliyetangulia aliondoka.

Wawili kwa chumba kimoja? Ni vema, mradi waandike nani analipa nini na itakuwaje mmoja akiondoka. Mkataba uwe na majina yote mawili. Urafiki wa kituoni mara nyingi huvunjika juu ya unga na umeme.

Vitu gani vya kuanzia?

Godoro, blanketi zito, chandarua, kufuli nzuri yenye funguo mbili, bidoni (madumu) mbili za lita 20, beseni, ndoo yenye mfuniko, sufuria mbili, mwiko, kisu, sahani na vikombe viwili viwili, mbabula (jiko la makaa, ambayo hapa huitwa makala), taa ya sola, sabuni, na unga wa mwezi mmoja. Blanketi si anasa: usiku wa Juni na Julai Lubumbashi ni baridi kweli.

Na hapo kuna jambo moja la kusisitizwa kuliko yote. Baridi ikizidi, kijana huingiza mbabula yenye makala yaliyowaka chumbani, anafunga mlango na dirisha, analala. Makala hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo humuua mtu akiwa usingizini. Moshi kutoonekana si usalama. Mbabula ibaki nje, hata kama makala yanaonekana kuwa majivu. Mwambieni siku ya kuhamia, na mwambieni tena Juni.

Tumpe pesa kiasi gani, na kwa namna gani?

Gharama za kuingia chumbani zilipwe na kituo moja kwa moja. Pesa ya kuishi itolewe kidogo kidogo: kila wiki katika mwezi wa kwanza, kila wiki mbili katika wa pili, kisha kwa mwezi, ikipungua hadi mwezi wa sita. Donge moja la pesa huvuta "ndugu" ambao hawakuonekana miaka kumi. Pia kijana ambaye hajawahi kuwa na pesa hununua simu kwanza, na si kosa la tabia. Ni mara yake ya kwanza kuchagua kitu chake mwenyewe.

Unga ununuliwe kwa mfuko wa kilo 25 pale bei inapokuwa chini baada ya mavuno, na makala yanunuliwe kabla ya mvua kuanza. Kununua kwa vipimo vidogo vidogo kila jioni ni ghali zaidi ukijumlisha mwezi mzima. Likelemba, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, ni njia nzuri ya kuweka akiba, ila ajiunge na watu wasiozidi kumi anaowajua mahali wanapoishi na wanapofanya kazi, na asiombe zamu ya mwisho katika mzunguko wake wa kwanza.

Ufundi gani umfae, na ajifunzie wapi?

INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1964, ina kituo Lubumbashi. Wasalesiani wa Don Bosco wana Cité des Jeunes, inayojulikana kwa ufundi. Ulizeni mapema masharti ya kuingia na kiwango cha shule kinachotakiwa.

Msichagulie kijana ufundi kwa sababu mfadhili ana cherehani tano za kutoa. Tazameni pia umeme: fundi wa kuchomelea vyuma anasimama SNEL ikikata, fundi wa cherehani ya miguu anaendelea. Seremala wa kutumia mikono anaendelea pia, polepole.

Akijifunza kwa patron (fundi mwenye karakana) mtaani, andikeni makubaliano: ni miezi mingapi, anafundishwa nini kila robo, nani anatoa chakula cha mchana na nauli, nani analipa kifaa kikivunjika, na lini anaanza kupata sehemu ya malipo. Bila karatasi hiyo, mwanafunzi hufagia karakana mwaka mzima.

Vifaa vya kazi vitolewe kwa awamu. Mshonaji aanze na mkasi, futi kamba, sindano, nyuzi na pasi ya makala akifanya kazi kwenye mashine ya mwingine. Cherehani yake ije baada ya miezi mitatu ya wateja wanaorudi. Mashine iliyotolewa siku ya sherehe, mbele ya kamera, huuzwa mwezi ambao kodi imeshindikana. Ndiyo maana kodi ihakikishwe kwanza.

Anafanya kibarua kwa kampuni kila siku bila mkataba. Ana haki gani?

Kanuni ya kazi, sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, ina kifungu ambacho vibarua wachache wanakijua: aliyekwisha kufanya siku 22 za kazi katika kipindi cha miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Kwa hiyo aandike kila siku kwenye daftari: tarehe, saa, kazi, jina la msimamizi, malipo. Daftari hilo ndilo atakalolipeleka kwa Inspection du travail (ofisi ya ukaguzi wa kazi). Na yeyote anayedai pesa ili ampe kazi anamwibia.

Wenzake wanamwita machimboni. Tumwambie nini?

Asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kabisa. Mtu mzima anatakiwa kuwa na kadi ya mchimbaji mdogo na kufanya kazi kwenye eneo lililotengwa na serikali. Nje ya hapo anaweza kufukuzwa au kukamatwa. Msimwambie tu kwamba ni hatari, kwa sababu anamjua aliyerudi na pikipiki. Mwambieni jinsi deni linavyofanya kazi: anayempa chakula na vifaa ndiye anayenunua madini yake, kwa mizani yake na kwa bei yake. Mashimo nayo huporomoka zaidi wakati wa mvua, udongo ukiwa umelowa. Akienda licha ya yote, asifutwe kwenye orodha ya ufuatiliaji. Namba yake ibaki, na apigiwe.

Wasichana wanahitaji maandalizi tofauti?

Ndiyo, hasa juu ya nyumba na wanaume wanaojitolea kulipa kodi. Msichana anayeona kodi inakaribia na hana pesa ndiye anayekubali ndoa asiyoitaka. Kituo kiwe na akiba ndogo ya dharura ya kodi ya mwezi mmoja, inayotolewa bila kuhojiwa kwa ukali. Chumba chake kiwe kwenye parseli yenye familia, mlango uwe na komeo la ndani, na choo kisiwe mbali gizani. Afahamu uzazi wa mpango kabla ya kutoka, kwa maneno ya wazi kutoka kwa muuguzi. Akibeba mimba, apokewe na asaidiwe kufika kliniki mapema. Kumfungia mlango kunamsukuma kwa yule yule aliyemwacha.

Ana ndugu wa baba, na inasemekana baba aliacha parseli. Afanye nini?

Kanuni ya familia (sheria namba 87-010 ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016) inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, na kundi hilo linapata robo tatu ya urithi. Waliozaliwa nje ya ndoa wamo pia, ikiwa baba aliwatambua akiwa hai. Jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa linapata uzito wake hapo.

Lakini asianze na mahakama. Aende kwanza kuwasalimia, pamoja na mtu mzima anayeheshimika, mara mbili au tatu, bila kutaja parseli. Ndugu hao wanaweza kuwa ukoo wake wa pekee duniani. Mazungumzo ya urithi yafuate, mbele ya mashahidi. Yakishindikana, Tribunal de paix ipo.

Baada ya kutoka, tumfuate kwa muda gani?

Angalau miaka miwili. Mwezi wa kwanza kila wiki, hadi mwezi wa sita kila wiki mbili, kisha kila mwezi. Mfuatiliaji awe mmoja, anayejulikana kwa jina, na mwenye vijana wasiozidi kumi na watano. Aende chumbani, asiridhike na simu. Simuni kila kijana husema "niko muzuri". Chumbani utaona kama kuna unga, kama godoro bado lipo, kama amelala mchana siku ya kazi. Jioni za Jumapili ndizo ngumu zaidi kwa aliyezoea kulala chumba cha watu ishirini, kwa hiyo baadhi ya ziara zifanywe Jumapili.

Ameshindwa kodi na anaomba kurudi. Tumpokee?

Mpokeeni, kwa masharti yaliyoandikwa tangu siku alipotoka: kitanda cha wageni, si kile cha zamani kati ya watoto, muda wa wiki nne hadi nane, mpango wa kazi unaotazamwa kila Jumatatu. Kabla ya hapo zungumzeni na mwenye nyumba. Deni la mwezi mmoja mara nyingi hukubalika kulipwa kwa vipande, na kukitunza chumba alicho nacho ni rahisi kuliko kutafuta garanti nyingine ya miezi mitatu. Vyombo vyake vikishikiliwa kwa deni, aende mlezi pamoja na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), risiti mkononi, na jambo la kwanza waombe ile bahasha yenye karatasi zake.